Almasi ya Jubilei: Je, Upendo Una Bei?



Jumapili moja baada ya Misa hapa Yamumbi, baba mmoja wa jumuiya yetu alinivuta kando. Yeye na mkewe walikaribia kutimiza miaka 25 ya ndoa. Siku ya harusi alimvisha mkewe pete nyembamba ya bei rahisi. Sasa alitaka kumpa ya almasi. "Katekista," akaniuliza, "niuze ng'ombe wa maziwa au nichukue mkopo? Ama ninunue ile ya kioo, nimwambie ni almasi? Mama hawezi kujua tofauti."

Huenda hata wewe umewahi kujiuliza hivyo. Tutafakari pamoja.

Kwanza, ujue unachonunua. Almasi hupimwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi wake wa ndani na jinsi ilivyokatwa. Uzito huhesabiwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Usiichanganye na karati ya dhahabu, ambayo huonyesha usafi: dhahabu tupu ni karati 24, na pete yenye chapa 750 ni ya karati 18. Katika hayo manne, angalia sana ukataji, maana ndio unaoleta mng'aro. Jiwe dogo lililokatwa vizuri hulishinda kubwa lililokatwa ovyo. Usitegemee jaribio la kukwaruza kioo, kwa kuwa yapo mawe mengine mengi yanayokwaruza kioo. Dai cheti cha maabara huru na risiti yenye maelezo yote. Wala usidhani unaweka akiba: ukirudi kuiuza, kwa kawaida utapewa pesa chache kuliko ulizotoa. Siku hizi zipo pia almasi zinazotengenezwa maabara. Hizo ni almasi kweli, na bei yake imeshuka sana, lakini ni haki yako kuambiwa zilikotoka.

Pili, uliza jiwe limetoka wapi. Jirani zetu wa Tanzania wana mgodi wa Mwadui, Shinyanga, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Huko ndiko lilikopatikana, mwaka 1947, jiwe la waridi la karati 54.5 alilopewa Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Lakini huko huko, mwaka 2022, bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Na mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita mjini Kisangani, Kongo, na almasi ilikuwa miongoni mwa mambo waliyogombania. Raia wengi walikufa. Tangu mwaka 2003 uko Mpango wa Kimberley wa kuzuia almasi zinazogharamia vita vya waasi. Ni jambo jema, lakini cheti chake hakikuambii kama mchimbaji alilipwa haki yake. Muulize sonara. Asipokuwa na jibu, huna lazima ya kununua.

Sasa tuje kwenye ile ya kioo. Kioo si dhambi. Ukimwambia mkeo, "Mama, hiki ni kioo, ndicho nilichoweza," umempa zawadi safi. Ukimwambia ni almasi, umemvisha uongo kidoleni. Pete ni ishara ya uaminifu. Itawezaje kuwa ishara ya kitu ambacho yenyewe inakivunja? Hata asipojua maisha yake yote, wewe utajua kila akinyoosha mkono kukupa chai.

Na mkopo je? Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Tena ng'ombe yule ndiye karo ya watoto. Anayetoa zawadi kwa karo ya mwanawe ametoa kisicho chake peke yake.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba almasi ni upotevu wa pesa. Kule Bethania, Maria alimpaka Yesu marhamu ya thamani kubwa, na aliyelalamika kwamba ingeuzwa dinari 300 wapewe maskini alikuwa Yuda. Upendo una siku yake ya kutoa bila kuhesabu. Ila Maria alitoa kilichokuwa chake, waziwazi, mbele ya wote. Hakukopa, wala hakudanganya. Hicho ndicho kipimo.

Kumbukeni pia kwamba kinachofunga ndoa mbele ya Kanisa ni hiari ya wawili hao, si pete. Nawaambia hasa wazazi ambao watoto wao wanaahirisha ndoa takatifu mwaka baada ya mwaka wakingoja pete ya fahari.

Yule baba nilimrudisha nyumbani akazungumze na mkewe. Kumbe mama alikuwa na haja yake: pete ya zamani ilikuwa haimwingii tena, vidole vimenenepa kwa kazi, na aliona haya kukaa kanisani bila pete. Sonara aliipanua. Ng'ombe bado anakamuliwa.

Ninyi mkizungumza, huenda mkakubaliana kununua almasi. Inunueni kwa furaha. Ila muulizane kwanza, leo jioni, watoto wakishalala.