Kituo cha Majina Matatu

Mwishoni mwa 2001 Bunge la Marekani lilipitisha bajeti ya usafiri yenye agizo dogo ndani yake: shirika la treni la Washington libadilishe vibao vya kituo kimoja. Kituo hicho kilikuwa kikiitwa National Airport tangu kilipofunguliwa 1977. Mwaka 1998 uwanja wa ndege wenyewe ulikuwa umepewa jina la Rais Ronald Reagan, lakini vibao vya treni vikabaki vilevile. Utaratibu wa shirika hilo, Metro, ulitaka serikali ya eneo husika iombe jina jipya na igharamie mabadiliko, na kaunti ya Arlington haikuwa na haja hiyo. Wafuasi wa Reagan waliona ni dharau. Bunge likashika fimbo ya bajeti, vibao vikabadilishwa, na kituo kikawa Ronald Reagan Washington National Airport. Wenyeji wengi mpaka leo wanauita uwanja huo National, basi.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha siasa. Lakini wabunge hao walifuata tu njia ambayo wengine walikwisha kuifyeka, na walioifyeka wengi walikuwa watu wema wenye hoja nzuri.

Metro ya Washington ilianza kubeba abiria tarehe 27 Machi 1976, ikiwa na vituo vitano vya njia nyekundu. Ramani yake ilikuwa kazi ya Lance Wyman, mchoraji aliyekwisha kujipatia sifa Mexico City. Huko treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa 1969, na kila kituo kilipewa jina pamoja na picha yake, kwa kuwa abiria wengi hawakujua kusoma. Kituo cha Chapultepec alama yake ni panzi. Usipojua herufi hata moja, panzi utamjua.

Washington haikuchukua picha hizo. Ilichukua mistari minene ya rangi, mto Potomac uliopakwa buluu, na majina. Hapo mwanzo majina yalitosha: Union Station, Judiciary Square, Metro Center. Treni ikipunguza mwendo, abiria anachungulia dirishani na kuona nguzo ya kahawia yenye jina lililoandikwa kwa kulazwa, kutoka juu kwenda chini. Ana sekunde chache za kuamua anyanyuke au aendelee kukaa. Jina la kituo lina kazi hiyo moja kabla ya nyingine zote.

Kisha maombi yakaanza. Chuo kikuu kilitaka kutajwa, mtaa wa jirani ukataka kutajwa, na ukumbi wa mikutano nao ukadai nafasi yake. Chukua Woodley Park, kituo kilichobeba neno Zoo kwa ajili ya wageni wanaokwenda kutazama wanyama. Mwaka 1999 kikaongezewa Adams Morgan, mtaa maarufu kwa mikahawa ulio ng'ambo ya daraja. Na hilo Zoo lenyewe ni la kutiliwa shaka. Ukishuka hapo na watoto wawili na kigari cha mtoto, unapanda kilima mpaka langoni. Kituo kinachofuata, Cleveland Park, umbali wake ni karibu uleule na njia haina mlima, na wenyeji wanaojua huwaelekeza wageni wao huko. Lakini kibao kilikwisha kusema, na mgeni hukiamini kibao kuliko mwenyeji.

Mwaka huohuo wa 1999 kituo cha U Street-Cardozo kikawa U Street/African-Amer Civil War Memorial/Cardozo. Hapa ni lazima tuseme kwa uangalifu. Mnara uliotajwa unawakumbuka wanajeshi weusi zaidi ya 200,000 waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu ambao historia iliwasahau kwa zaidi ya karne moja. Heshima hiyo ni haki yao. Ila jina lenyewe lilikuwa na herufi zaidi ya 40 ukihesabu na nafasi, tena kwa kufupisha neno American, na hakuna abiria aliyewahi kumwambia mwenzake, "Tukutane African-Amer Civil War Memorial Cardozo." Walisema U Street. Mnara uliotakiwa kuenziwa ukageuka maneno ambayo jicho linayaruka.

Mwaka 2004 kikafunguliwa kituo kipya, nacho kilizaliwa tayari kikiwa na majina matatu: New York Ave-Florida Ave-Gallaudet U. Barabara mbili na chuo kimoja. Mgeni aliyelala njiani akazinduka hapo alikuwa na kila sababu ya kuchanganyikiwa, maana kibao kilimtajia New York na Florida kwa pamoja.

Kwa nini hakuna aliyesema imetosha? Bodi ya Metro ina wajumbe kutoka Washington yenyewe, Maryland na Virginia, na kila upande una vituo vyake. Leo ukipinga ombi la jirani, kesho naye atapinga lako. Kila jina lililoombwa lilikuwa na mtu wa kulitetea mkutanoni: mkuu wa chuo, wafanyabiashara, wakazi. Aliyekosa mtetezi ni yule anayepanda treni hiyo kwa mara ya kwanza.

Bili ilikuja mtandao ulipopanuka. Njia ya rangi ya fedha ilikuwa inajengwa kuelekea Virginia, na katikati ya mji ingetumia handaki lilelile la njia ya buluu na ya rangi ya chungwa. Mistari mitatu minene ilitakiwa kupita pamoja kwenye karatasi ambako majina yalikwisha kujaa. Mwaka 2011 Wyman aliitwa tena kuirekebisha ramani yake. Ilibidi apunguze unene wa mistari, lakini mistari peke yake isingetatua jambo. Bodi ikashikilia kikomo: jina kuu la kituo lisizidi herufi 19, nafasi zikiwemo, na mengine yote yashuke chini kwa maandishi madogo. U Street ikabaki U Street tu. Woodley Park ikabaki Woodley Park tu. New York na Florida zikafutwa, kituo kikaitwa NoMa-Gallaudet U. Vibao vikang'olewa na vipya vikafungwa, kwa fedha ambazo zingetengeneza ngazi za umeme.

Jina fupi nalo lina mitego yake. Kituo cha White Flint kilikuwa na jina moja na jumba la maduka lililokuwa karibu. Maduka yakafungwa, jengo likabomolewa, na 2022 kituo kikabatizwa upya North Bethesda. Anayeuza jina la kituo kwa kampuni akumbuke kwamba reli huishi kuliko maduka.

Kwa majina ya vituo, Dar es Salaam ina bahati ambayo haijaitambua. Vituo vingi vya mabasi ya mwendokasi vilirithi majina kutoka midomoni mwa makonda na abiria wa daladala: Magomeni Mapipa, Manzese Tip Top, Fire. Ni mafupi, yanatamkika, na hayakupita kwenye kamati yoyote. Hata hayo huzeeka; Kimara Mwisho si mwisho tena, mji umeipita zamani ukaenda Mbezi, na Mbezi nako kuna Mwisho yake ambayo nayo imekwisha kupitwa. Lakini kuzeeka kwake hakumpotezi mtu, kwa kuwa kila unayemuuliza anakujua Kimara Mwisho.

Njia zinaongezeka, na kila kituo kipya kitaletewa orodha ya wanaostahili kutajwa. Siku ukisikia kiongozi wako ameahidi kuongeza jina la taasisi au la mheshimiwa kwenye kibao kilichopo, muulize hadharani: mama aliyeshuka basi la Lindi, ambaye hajawahi kufika mjini, jina hilo litamsaidia kushuka panapotakiwa? Akishindwa kujibu, mwambie aombe mnara au barabara, kibao akiache kama kilivyo.