Bei ya Sufuria

Kaa kitako, mwanangu, chai iko jikoni. Umenionyesha picha kwenye simu, kontena la futi 40 lililopakwa rangi ya maziwa, maua dirishani, na unasema litashushwa kiwanjani kwako Kigamboni wiki ijayo uhamie. Sikucheki. Mimi mwenyewe niliwahi kununua baiskeli isiyo na breki kwa kupenda rangi yake.

Walianza watu wa mabanda ya bati, wakaja wa mbao za kuunganisha, sasa ni makontena. Ugonjwa ni uleule: mtu anauliza bei ya sufuria, akifika nyumbani anatangaza kwamba pilau limeiva.

Ulichotajiwa ni bei ya sanduku. Mchele, nyama na kuni bado. Kuna lori na kreni, msingi, umeme, maji, shimo la choo, kibali cha halmashauri, na paa. Ndiyo, paa, kwa sababu lile bati la juu likipigwa na jua la saa saba, wewe uliye ndani utaiva kama mkate wa kumimina. Masika nayo ina vituko vyake: chuma kikipoa usiku hutoa jasho, matone yakudondokee godoroni. Basi utaezeka paa la pili juu yake, uache nafasi upepo upite, na kuta utazivika kwa ndani kitu cha kuzuia joto.

Hapo sasa tupige hesabu. Kontena kwa ndani lina upana wa mita 2.35 hivi. Zivike kuta sentimita 5 kila upande, unabaki na 2.25. Kitanda chako cha futi 6 kwa 6 kinakula 1.83. Wewe na mkeo mtapita ubavuubavu kama kaa, na akishika mimba tutazungumza upya.

Ukiwa bado umeng'ang'ania, na najua utang'ang'ania, tafuta lile refu la mita 2.9 kwenda juu. La kawaida lina 2.6 tu. Inama usome kibao cha mlangoni, maana mbao za sakafu hutiwa dawa ya wadudu, na jina la dawa mara nyingi huandikwa pale. Kagua kutu, hasa chini. Chumvi ya bahari haina haraka. Na fundi asikate madirisha kama anayekata papai. Zile kuta za mikunjo zinashikilia mwili mzima, kwa hiyo kila tundu lichomelewe fremu ya chuma. Zuri lake, silifichi: uzito wote unashukia pembe nne, hulazimiki kumwaga jamvi kiwanja kizima.

Jirani yangu mmoja alikagua vyote hivyo. Alisahau njia. Trela lilifika kona ya msikitini likagoma kupinda, siku tatu watoto wanacheza kombolela chini yake, na mwenye mwembe uliovunjwa tawi anadai fidia. Mwishowe lilishushwa palepale. Leo ni duka la mkaa na vocha, na mwenyewe bado amepanga.

Maliza chai yako. Kisha tuchukue futi, twende tukaipime ile kona ya kuingilia kwako kabla hujatoa arubuni.