Uaminifu wa Alama

Alama ni kitu kidogo kinachosimama mahali pa kitu kikubwa. Katika ramani ya rubani, nukta ya wino husimama mahali pa mnara wa chuma. Rangi ya samawati husimama mahali pa maji yenye kilindi. Na tarakimu mbili zilizopigwa chapa katikati ya mraba husimama mahali pa mlima ambao rubani hajauona bado. Karatasi haina mlima wala maji ndani yake. Walakini mtu huitegemezea maisha yake, na pengine maisha ya wengine waliokaa nyuma yake, ambao hawajui hata kuisoma. Kwa hiyo namna alama zinavyochorwa na kusomwa si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la maadili pia. Alama ina deni gani kwa yule aisomaye? Na aisomaye ana deni gani kwa nafsi yake na kwa wenziwe?

Hapana mahali ambapo swali hili huonekana wazi zaidi kuliko Mwanza. Ndege ndogo iondokapo katika kiwanja cha huko haichukui muda kabla ya kuwa juu ya maji. Rubani aendaye kwa kuona kwa macho huipakata ramani magotini. Kanuni humtaka awe na uwezo wa kuona kilomita tano mbele yake, akae mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu, na futi 1,000 kwa juu au kwa chini. Kazi yake ni kulinganisha. Majabali yaliyopandana ufukweni, kisiwa cha Saa Nane, Ghuba ya Speke upande wa mashariki, Ukerewe kaskazini, Kome na Rubondo magharibi: kila kimoja chapaswa kutokea mahali ambapo karatasi yasema kitatokea. Kila kinapotokea, imani yake katika karatasi huongezeka. Imani hiyo ni njema. Lakini imani ikizidi kipimo hugeuka kuwa usingizi.

Jambo la kwanza ambalo alama humfundisha msomaji wake ni kwamba namba haina maana mpaka ijulikane imeanza kuhesabiwa wapi. Uso wa ziwa hili uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya futi 3,700. Rubani aliyezoea Dar es Salaam, akiona kipimo cha kimo chaonyesha futi 3,700, hujiona yu salama angani. Kipimo hicho hicho, kikiwa kimewekwa kwa usawa wa bahari hiyo hiyo, juu ya ziwa kitamwambia namba ile ile wakati magurudumu yake yagusapo maji. Namba haikusema uongo. Msomaji ndiye aliyesahau kuuliza ilianzia wapi. Kwa sababu hii alama ya mnara huandikiwa namba mbili: moja ya kimo cha kilele kutoka usawa wa bahari, na nyingine, katika mabano, ya kimo kutoka ardhini. Mchora ramani angaliweza kuandika moja tu akajitetea kwamba amesema kweli. Kuandika zote mbili ni kukiri kwamba kusema kweli hakutoshi. Kweli yapasa pia isemwe kwa namna ambayo msikilizaji hawezi kuielewa vibaya kwa urahisi.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni kimya cha ramani. Kanuni za kimataifa zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 kwa kawaida huhesabu kuwa kizuizi kitu chenye kimo cha mita 100 au zaidi juu ya ardhi. Mnara wa mita 80 uliosimama juu ya kilima yamkini hautaonyeshwa. Rubani ashukaye chini kwa sababu ya mawingu aweza kuuawa nao, na karatasi magotini pake haikusema neno. Je, kunyamaza huko si uongo?

Mtu mwepesi wa kulaumu atajibu kwamba ni uongo, na kwamba kila kitu kingepaswa kuchorwa. Lakini na afikiri ramani ambayo ndani yake kila nguzo, kila mwembe na kila paa la bati limetiwa alama. Ramani ya namna hiyo ingekuwa nyeusi tupu. Jicho la mtu aendaye kwa mwendo wa ndege lisingeweza kuona ndani yake kitu chochote, na mnara wa mita 300 ungepotea katikati ya miembe. Asemaye yote kwa sauti moja hajasema lolote. Basi kuchagua si hiana. Kuchagua ni sehemu ya utumishi wenyewe. Hiana ni kuchagua kwa kanuni iliyofichwa. Maadamu msomaji amejulishwa kwamba vitu vifupi kuliko kadha wa kadha havikuandikwa, kimya cha ramani kimekuwa maneno: kinamwambia kwamba chini ya kimo kile atafute kwa macho yake mwenyewe. Asipojulishwa, kimya kile kile kinakuwa mtego.

Historia ya ziwa lenyewe yatoa mfano wa kosa la namna nyingine. Mnamo 1856 ilipigwa chapa Ulaya ramani iliyotungwa na wamisionari wawili wa pwani ya Afrika ya Mashariki, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Walikuwa wamewasikiliza watu wa misafara waliotoka bara kwa njia mbalimbali, na kila njia iliishia kwenye maji makubwa. Wakayaunganisha maji hayo yote, likatokea ziwa moja la ajabu, lenye umbo la konokono asiye na gamba, lililofunika nchi ambayo kwa kweli ina mashamba, watu na ng'ombe. Kwa hakika maziwa yalikuwa matatu: Nyasa, Tanganyika, na hili la Mwanza. Wasafiri hawakusema uongo. Kila mmoja alitaja maji aliyoyaona. Kosa lilizaliwa mahali ambapo hapana aliyepaona, kati ya ushahidi mmoja na mwingine, mkono wa mchoraji ulipojaza rangi.

Yafaa kuwatetea, kwa kuwa kichwa cha ramani yao kilisema wazi kwamba mahali na ukubwa wa ziwa hilo ni wa kukisia. Wengine huongeza kwamba kosa lao lilileta faida: ramani hiyo iliamsha hamu, Burton na Speke wakafunga safari mwaka 1857, na tarehe 3 Agosti 1858 Speke akasimama karibu na Mwanza akaliona ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake, ijapokuwa wenyeji wa kando zake walikuwa na majina yao zamani. Lakini utetezi huu una upungufu. Faida iliyokuja baadaye haiisafishi alama, kwa kuwa mchoraji hakuijua wakati alipochora. Na neno "yamkini" lilikaa kichwani mwa karatasi peke yake. Halikuingia katika rangi. Samawati ya mahali palipokisiwa ilifanana na samawati ya mahali palipoonwa. Shaka iliyoandikwa pembeni na kusahauliwa katikati ni nusu ya uaminifu.

Wachora ramani za anga waliokuja baadaye walijifunza kuitia shaka ndani ya mchoro. Katika baadhi ya karatasi zao huonekana mahali palipoachwa, pameandikwa kwamba habari za vimo vya nchi hazijatimia. Doa hilo ni la heshima. Na ile namba kubwa ya kila mraba, ambayo tarakimu yake kubwa ni maelfu ya futi na ndogo ni mamia, hutafutwa kwa kushika kitu kirefu kuliko vyote vinavyojulikana humo. Na wengine huiongezea kidogo kwa ajili ya visivyojulikana. Hapa pana fundisho lipasalo kupimwa. Mwenye kuonya hawezi kuepukana na kukosea, lakini aweza kuchagua upande wa kukosea. Mlima ukiandikwa mrefu kuliko ulivyo, rubani hupoteza mafuta kidogo; ukiandikwa mfupi, hupoteza roho. Walakini hata huruma hii ina mpaka. Namba ikiongezwa pasipo kiasi, rubani ataanza kuipunguza moyoni mwake, na siku itakapokuwa kweli tupu hataisadiki. Mwongo hata akisema kweli haaminiwi, na mwenye kutia chumvi ni jirani yake.

Tena alama huzeeka. Mvua za miaka ya 1961 hadi 1964 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, na mnamo Mei 2020 maji yalifikia tena kimo kile na kukipita kidogo. Fukwe zilizochorwa kabla zikawa chini ya maji. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Rubani mwenye karatasi ya zamani ataona kivuko mahali ambapo leo pana alama bora kuliko zote za ghuba ile. Hata kaskazini ya sumaku huhama mwaka hata mwaka. Ndiyo sababu ramani amini hutaja mwaka wake. Mchoraji akiisha kuutaja, deni limehama: sasa ni la msomaji.

Na deni la msomaji halilipwi kwa kusoma tu. Tarehe 10 Januari 1959 kijana Michael Grzimek alikufa katika nchi ya Serengeti, ndege yake ilipogongana na tai. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama kutoka angani, na kazi yao ilionyesha kwamba makundi ya nyumbu hayakufuata mipaka ambayo watu walikusudia kuichora. Palikuwa na mambo mawili hapo ambayo karatasi haikuweza kuyashika: nyumbu ambaye hajui mpaka, na tai ambaye hana mahali pa kutiwa alama. Hapana mchoraji wa kulaumiwa kwa tai. Ulimwengu una vitu vitembeavyo, na kwa hivyo hapana ramani impayo mtu ruhusa ya kuacha kutazama nje.

Lakini jicho nalo si hakimu asiyekosea. Katika ukungu wa asubuhi maji na mbingu za ziwani huwa rangi moja, na mtu asiweze kujua lipi liko juu. Jicho na karatasi zikihitilafiana, mjinga huchagua kile kinachompendeza. Mwenye busara hukiri kwamba bado hajui, akageuza ndege akarudi Mwanza. Kurudi huko hakuna aibu.

Mwanachuoni aandikaye kitabu hachori minara, lakini naye hutia alama ambazo wengine watazitegemea penye ukungu. Neno "hakika" na neno "yamkini" ni rangi zake. Akipaka mahali alipokisia rangi ile ile aliyopaka mahali alipoona, hatakuwapo siku ambapo mtu mwingine atapita hapo. Mchora ramani naye hayumo ndani ya ndege. Kwa kuwa hayumo, hapana amwonaye akisita au akiharakisha kalamu. Na ni katika saa hiyo isiyo na shahidi ambapo uaminifu wa alama huamuliwa.