Je, Ni Dhambi Kumshtaki Mume Mliyeachana Naye?

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Anania na mkewe Safira. Mume alificha sehemu ya bei ya shamba, na mke alijua. Mtume Petro alimwuliza Safira peke yake, mumewe hayupo. Hivyo alipewa nafasi yake mwenyewe ya kusema kweli. Hakuitumia, aliulinda uongo wa mumewe, akafa nao. Ndoa huunganisha mume na mke, lakini kila roho itatoa hesabu yake peke yake mbele ya Mungu.

Tutwae mfano. Huko Kituku, ufukoni mwa Ziwa Kivu, mama mmoja auza sambaza. Yeye na mume wake wameachana miaka mitatu sasa. Siku moja binti wa dada yake, mwenye miaka 14, amjia akilia: mwanamume yule amemnajisi kwa nguvu. Mama aona majeraha kwa macho yake. Kabla ya jioni jamaa za mume wafika na mbuzi na franga, wakisema, “Mambo haya yaishe nyumbani, alikuwa mume wako, umsitiri.” Majirani nao wanong'ona, “Atafuta kisasi tu.” Mama huyu afanye nini?

Kwanza, wale wasemao “umsitiri” wanakosea. Kusitiri kosa dogo la mwenzako ni mapendo. Kusitiri jeuri aliyotendewa mtoto ni kushirikiana na mwenye jeuri. Sheria ya Musa yamhesabia hatia shahidi aliyeona au kujua, naye akanyamaza. Eklezya hufundisha kwamba kifungo cha sakramenti ya ndoa hakivunjwi na wanadamu. Lakini kifungo hicho hakikuwekwa kamwe kuwa pazia la uovu. Tena Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 yamruhusu mtu kutengana na mwenzi anayemhatarisha vikali, yeye au watoto, rohoni au mwilini.

Pili, mbuzi hafuti kosa hili. Nyama italiwa na wazee, na binti atabaki na jeraha lake. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 yaadhibu kunajisi kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na sheria iliyotolewa pamoja nayo yakataza kuimaliza kesi ya namna hiyo kwa faini ya mapatano.

Tatu, neno la kisasi lisidharauliwe. Mama na aichunguze dhamiri yake, maana uchungu wa ndoa iliyovunjika waweza kuongeza maneno. Amri ya nane yamlinda hata mkosaji. Aseme aliyoyaona na aliyoyasikia kinywani mwa binti, basi. Asitie ugomvi wa zamani, wala asilitangaze jina la mtoto sokoni. Akiona chuki moyoni, aitubu. Lakini asingoje hasira yote iishe ndipo amsaidie mtoto.

Tena asidhani ametimiza wajibu kwa kumweleza Padre katika kitubio. Padre amefungwa na siri ya kitubio, hawezi kwenda kusema mahali pake. Ni mama mwenyewe aende.

Aanzie wapi? Hospitali. Ampeleke binti kabla saa 72 hazijapita, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya muda huo. Nguo za binti zisifuliwe. Karatasi ya daktari itunzwe vema. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji wa Goma ulipotwaliwa na M23, imekuwa vigumu sana kufika mbele ya waamuzi wa serikali. Hata hivyo karatasi iliyotunzwa na ushuhuda ulioandikwa mapema vyaweza kungoja siku ya hukumu ya haki. Naye asiende peke yake. Mama wenzake wa jumuiya wamsindikize, maana jamaa za mume huenda wakamtisha.

Je, kumshtaki ni kumchukia? La. Mgonjwa afichaye kidonda hufa nacho; wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mkosaji aliyefichwa atatafuta mtoto mwingine. Mkosaji aliyezuiwa aweza bado kutubu, na mama aweza kumwombea kila siku, hata akiwa gerezani.

Wakristu wapendwa, mwanamke wa namna hii akipita mbele yenu, msimcheke wala msimwite msaliti. Mpeni kiti, msikilizeni, mfuateni njiani. Mwenyezi Mungu, mlinzi wa wanyonge, atujalie ujasiri wa kusema kweli na moyo usio na chuki. Amina.