Toba Haina Kitufe cha Kurudisha Muda

Kila tunapofika mlango wa toba, wanafunzi wangu wakubwa wa madrasa huniuliza: Mwenyezi Mungu akishasamehe, kosa linakuwa halikutendeka? Zamani niliwajibu kwa vitabu peke yake. Siku hizi nawajibu pia kwa mchezo wa kompyuta.

Mchezo wenyewe ni Braid, alioutunga Jonathan Blow wa Marekani na kuutoa mwaka 2008, picha zikachorwa na David Hellman. Ukiutazama juu juu ni wa kurukaruka tu: Tim, mtu mfupi mwenye suti na tai, anapanda ngazi, anakanyaga maadui vichwani, anamtafuta binti mfalme. Lakini Tim akitumbukia kwenye miiba, unabonyeza kitufe na muda unarudi nyuma. Anapaa kutoka shimoni hadi ukingoni aliporukia, mzima kama alivyokuwa.

Mwenye majuto angetoa mali yake yote akipate kitufe hicho. Ila humo mchezoni mna vitu vinavyong'aa rangi ya kijani, na hivyo havirudi nyuma. Tim akiokota ufunguo wa kijani shimoni, kisha muda ukarudishwa, yeye hupanda juu na ufunguo anao.

Imam Nawawi, katika Riyadhu Swalihina, anataja masharti matatu ya toba: kuacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likigusa haki ya mtu, linaongezeka la nne: haki irudi kwa mwenyewe. Ukila mali ya yatima, machozi yako ya usiku ni baina yako na Mola wako, lakini yatima bado hana ada ya shule. Haki ya mja ni kama ule ufunguo wa kijani. Haiendi popote mpaka ilipwe.

Hatua ya mwisho ya mchezo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Binti mfalme anamponyoka shujaa mmoja mwenye mavazi ya vita, anakimbia juu, Tim chini, moto ukiwafuata. Binti anavuta vyuma kama anayemfungulia Tim njia. Kisha muda unageuka, na tunaona kisa kilivyokuwa: alikuwa akimkimbia Tim na kumfungia njia, na yule shujaa ndiye aliyemwokoa. Tim alijiona mwokozi, kumbe ndiye mdhalimu. Kurudi nyuma hakukufuta chochote. Kulimwonyesha alichofanya, na hiyo ndiyo kazi ya muhasaba, yaani kuihesabu nafsi yako.

Tarehe 14 Mei 2024 mchezo huu ulitoka upya. Picha zimechorwa tena kwa ubora zaidi, sauti zimeboreshwa, na yameongezwa maelezo ya zaidi ya saa 15, ambamo watunzi wanapita katika kazi yao na kueleza kwa nini walifanya walivyofanya. Kinachonigusa ni kitufe kingine kipya: ukikibonyeza, picha ya 2008 inarejea hapo hapo mahali pa ile mpya. Waliotengeneza upya hawakuificha kazi yao ya kwanza. Wameiacha ionekane, wakajenga juu yake.

Hapa mfano una mpaka. Dini imetuusia sitara, na kutubu si kutangaza aibu zako barazani. Lakini sitara si ruhusa ya kujidanganya nafsi yako, wala ya kumkana uliyemdhulumu uso kwa uso.

Basi jibu langu ni hili. Rehema ya Mola huondoa dhambi na adhabu yake. Tukio lenyewe linabaki katika maisha ya aliyeumizwa. Anayeomba msamaha ili jana isahaulike anataka starehe. Mwenye toba ya kweli huitazama jana yake sawasawa, akajua nani anamdai na kiasi gani, akaenda kumlipa angali hai.