Yesu Alimuuliza Kwanza

Somo: Marko 10:46–52



Habari za Bartimayo nimezijua tangu utotoni. Kipofu ameketi kando ya barabara pale Yeriko, anapaza sauti, na watu wanamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, kisha anamuuliza anataka afanyiwe nini. Sasa jamani, kipofu atataka nini kingine? Hata mtoto angejibu. Lakini Yesu, ambaye anajua yote, aliuliza na akangoja jibu. Swali hilo sikuwahi kulitilia maanani mpaka mama yangu alipougua kansa ya titi.

Kwetu sisi watoto ndio tulikuwa ule umati. Majibu yalipotoka, daktari alituita mimi na kaka yangu mkubwa pembeni akatueleza kwa Kiingereza. Uvimbe ulikuwa bado mdogo, akasema, na njia ni mbili: kuondoa titi lote, au kuondoa uvimbe peke yake halafu Mama apigwe mionzi karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Kansa ikigunduliwa mapema hivyo, mara nyingi wagonjwa wa njia zote mbili huishi muda ule ule. Tukafikiria nauli, tukafikiria umbali, tukachagua ya kwanza. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua kumi tu kutoka pale tuliposimama.

Kaka akasema, "Asiambiwe, presha itapanda." Mimi nikaongeza sababu ya kiroho: tukilitaja jina la ugonjwa tutakuwa tumeukiri. Tukamwambia ati ni jipu. Fomu ililetwa, ikasomwa haraka haraka, Mama akaweka sahihi kwa sababu sisi tulitikisa kichwa.

Aliamka titi halipo.

Hakulia mbele yetu. Wiki ya tatu, nikimfunga kidonda, aliniuliza, "Mlijua?" Nikanyamaza. Akasema, "Mwanangu, hata mimi ningechagua hilo hilo. Lakini mngeniacha nichague."

Wapendwa, neno hilo limeninyima usingizi siku nyingi. Kama uamuzi ungekuwa ule ule, tulikosea nini hasa? Pesa hatukupoteza, na upasuaji ulienda salama. Nimekuja kuona kwamba tulimtendea Mama kama mzigo wa kubebwa, si kama mtu ambaye Mungu amempa akili na mwili wa kuutunza. Daktari anaijua kansa, lakini maisha ya Mama anayeyajua ni Mama. Anajua anaogopa nini, anavumilia nini, na anataka kuagana na nini kabla hakijaondoka. Ukimpita mwenye mwili, hata ukipatia, umemnyang'anya kitu.

Na ile hoja yangu ya kukiri? Bartimayo alisema wazi mbele ya watu wote kwamba anataka kuona. Kusema hivyo ni kukubali kwamba haoni. Yesu hakumwambia amekosa imani; alimwambia imani yake imemponya. Imani inayohitaji uongo ili isimame, hiyo ni woga uliovaa nguo za ibada.

Tulimwomba Mama msamaha. Ilipofika zamu ya kemo, aliingia kwa daktari yeye mwenyewe, nami nikakaa nyuma na daftari. Akauliza kwa Kiswahili: "Hii dawa itanisaidia nini? Nikiikataa itakuwaje? Itanisumbua vipi?" Daktari akamjibu pole pole. Halafu naye akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Nyumbani unaishi na nani?" Mama akasema anaishi peke yake, na gari linapita mara moja kwa siku. Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba dawa hizo hushusha kinga ya mwili, na mgonjwa akipata homa ni dharura, hata usiku. Si jambo la kumeza panadol na kungoja kesho. Hapo hapo tukakubaliana Mama akae kwangu mpaka amalize dawa. Nikajiuliza, kama angenyamazishwa tena, ile homa aliyoipata baada ya dawa ya pili ingemkuta wapi?

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo ukiuliza hujamkosea daktari heshima. Andika maswali yako nyumbani. Usipoelewa, sema hujaelewa. Kama unakunywa dawa za mitishamba, au umeingia kwenye maombi ya kufunga, mwambie daktari ukweli. Naye atakushauri vizuri zaidi.

Wako wagonjwa wasiotaka kujua kila kitu. Wengine watasema, "Zungumzeni na mwanangu." Sawa, huo pia ni uamuzi, mradi wameutamka wao wenyewe. Tusiwabebeshe habari kwa nguvu, na tusiwafiche kwa nguvu. Tuwaulize kwanza: ungependa kuelezwa kiasi gani, na nani awe nawe?

Kazi yetu jamaa na kanisa ni kubeba: nauli, chakula, daftari, maombi. Tubebe vyote hivyo. Lakini sauti ya mgonjwa tumwachie mwenyewe.

Wiki hii, kama kuna mgonjwa nyumbani kwako, kabla hujamwekea mikono, keti karibu naye umuulize anataka umwombee nini. Kisha ungoje ajibu.

Mungu awabariki.