Haki ya Kusikilizwa

Kusikia ni kazi ya masikio. Kusikiliza ni kazi ya akili na moyo. Ngurumo humfikia kila mtu, apende asipende, lakini maana ya maneno haimfikii ila yule aliyejiweka tayari kuipokea. Kwa hiyo yafaa tuulize: je, mtu asikilizaye kazi ya mwenziwe kwa mara ya kwanza ana wajibu wowote juu yake? Au yu huru kuikata njiani, kuicheka na kuihukumu apendavyo, kwa kuwa masikio ni yake?

Wengi hujibu kwamba hakuna wajibu. Husema kuwa wimbo ni bidhaa, na mnunuzi hana deni kwa bidhaa isiyompendeza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi wimbo mwema utajitambulisha wenyewe tangu maneno yake ya kwanza. Siku hizi simu zimeiongezea hoja hii nguvu, kwani kidole kimoja chatosha kuufukuza wimbo kabla mwimbaji hajavuta pumzi ya pili. Hoja hii ina sura ya ukweli, nayo yastahili kupimwa kwa mfano.

Dolly Parton alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika milima ya Tennessee, nchini Marekani, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto 12. Baba yake alikuwa mkulima asiyejua kusoma wala kuandika. Binti huyo akawa mtunzi na mwimbaji wa muziki wa kantri, na baadaye sauti yake ikavuka mpaka ikaingia katika muziki wa pop. Mwaka 1971 alitoa albamu iitwayo Coat of Many Colors, yaani Koti la Rangi Nyingi. Ina nyimbo 10: 7 alizitunga mwenyewe, na 3 zilitungwa na Porter Wagoner, mwimbaji aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye. Zote kwa jumla hazitimizi nusu saa.

Kijana wa Kenya aifunguapo albamu hii kwa mara ya kwanza, mambo mengi yaweza kumrudisha nyuma. Sauti ya mwimbaji ni nyembamba, karibu kama ya mtoto. Gitaa zake zamkumbusha nyimbo za Jim Reeves, ambazo wazee wengi wa nchi hii walizizoea redioni. Ni rahisi kijana huyo kusema kwamba huu ni muziki wa wazee, au muziki wa wageni, akauzima. Lakini na atulie kidogo, kwa maana wimbo wa kwanza, ulioipa albamu jina lake, wazungumza habari yake yeye mwenyewe.

Wimbo huo wasimulia jambo lililompata mtunzi utotoni. Majira ya baridi yalikaribia, na mama yake hakuwa na fedha za kununua koti. Akachukua vipande vya nguo kuukuu, vya rangi mbalimbali, akaviunga kwa sindano. Alipokuwa akishona alimsimulia mwanawe habari za Yusufu wa katika Biblia, aliyepewa na baba yake vazi la rangi nyingi. Mtoto akaenda shuleni kwa fahari. Wenzake walipomwona, walimcheka.

Tuipime kesi hiyo kwa haki. Watoto wale hawakusema uongo: koti lilikuwa la viraka kwelikweli, na macho yao yaliwashuhudia. Kosa lao ni kwamba walitoa hukumu kabla ya shahidi wa pili kusema. Waliona nguo, wala hawakusikia hadithi yake. Na thamani yote ya koti lile ilikuwa katika hadithi. Basi mtu auzimaye wimbo huo kwa sababu ya lugha yake, ugeni wake au umri wake, kisha akautukana, amefanya lile lile walilofanya watoto wale. Ameuhukumu kwa mavazi yake.

Hata maneno ya wimbo yenyewe yalizaliwa katika mavazi duni. Mwaka 1969 mtunzi alikuwa safarini katika basi pamoja na Wagoner. Kwa kukosa karatasi, aliandika maneno hayo juu ya stakabadhi ya dobi aliyefua suti ya Wagoner. Mtu asiyejua angaliiokota angaliitupa jaani. Lakini Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo katika orodha yake ya mwaka 2011 ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa.

Yawezekana mtu akauliza: je, tumelazimishwa kusikiliza kila kitu, na maisha ni mafupi? La. Hapana mtu awezaye kuzisikiliza nyimbo zote za dunia, wala hapana sheria imtakayo kuzipenda. Kusikiliza si kusifu. Hakimu aliyekwisha kusikia maneno yote aweza kumwachilia mshtakiwa au kumtia hatiani. Hali kadhalika msikilizaji aweza kuzimaliza nyimbo zote 10 akasema kwamba nyingine ni dhaifu. Neno lake lina uzito, kwa kuwa amelilipia kwa usikivu. Bali asiyesikiliza anadaiwa jambo moja jepesi, nalo ni kunyamaza. Uhuru wa kupita njia yake anao. Haki ya kuhukumu hajaipata.

Jambo hili si la nyimbo peke yake. Huja darasani mwanafunzi mpya mwenye lafudhi ya mbali na sweta yenye viraka. Kabla hajamaliza kutaja jina lake, kicheko kimekwisha anza nyuma ya darasa. Nafasi ile ya kusikilizwa mara ya kwanza haimrudii tena: hata akinena kwa hekima siku ya pili, atakuwa akinena na watu waliokwisha mhukumu. Msomaji kijana, ukiwa katika darasa hilo, nyamaza mpaka amalize; kisha muulize habari za kwao, umsikilize.